Kura tatu za 1958: Mtemvu alikosea wapi?

Kisiki cha Mpingo: Wakuu, tuweke ushabiki pembeni. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria Tanganyika, Septemba 1958, mpiga kura alilazimishwa kuchagua watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukiruka mmoja, kura yako imeharibika. Januari ile TANU walikutana Tabora, Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu akagoma, akajitoa, akaanzisha chama chake, ANC (African National Congress). Alikosea wapi?

Dodoki: Kwenye hesabu. UTP (United Tanganyika Party), chama kipenzi cha Gavana Twining, kilikuwa kinaomba dua TANU wasuse. Hawakususa. Wakawabeba wagombea Waasia na Wazungu, kina Amir Jamal, Sophia Mustafa na Bryceson, UTP ikafa kifo cha mende.

Pweza Mkavu: Ushindi gani huo? Jimbo la Mashariki Nyerere kapata 2,628, Chifu Kunambi 802. Mwenyekiti wa mtaa Manzese leo akipata hizo anakata rufaa 😂

Bint Uluguru: Cheka tu. Mojawapo ya hizo 2,628 ni ya babu yangu, katoka Matombo kwa miguu.

Dodoki: Mluguru wa Matombo amnyime Mluguru mwenzake Kunambi? Una hakika babu hakuwadanganya?

Bint Uluguru: Babu yangu hakuwa mwongo, tuheshimiane.

Pweza Mkavu: Shikamoo yake. Ila ili upige kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu, au cheo. Babu alikuwa nani, karani wa DC?

Bint Uluguru: Mwalimu wa misheni. Wa kwako alikuwa wapi?

Pweza Mkavu: Kimamba, kwenye mkonge, anakata vipande. Hakuruhusiwa kupiga. Ndiyo hoja yangu tangu mwanzo.

Kisiki cha Mpingo: Tangu mwanzo ulikuwa unacheka Manzese. Turudi kwa Mtemvu jamani.

Mzee wa Kilosa: Vijana, mnapotosha. Kipande hakikatwi. Kipande kilikuwa kadi, ilikuwa inawekwa alama kila siku ya kazi, zikitimia thelathini ndiyo ulikuwa unalipwa.

Pweza Mkavu: Mzee, babu mwenyewe ndiye alikuwa anasema "nimekata kipande".

Mzee wa Kilosa: Basi ulimsikia vibaya. Alimaliza kipande.

Dodoki: Mtemvu alijibiwa 1962 kwenye urais. Kura 21,276, Nyerere milioni moja na laki moja na ushee.

Kisiki cha Mpingo: 1962 watu wazima wote waliruhusiwa kupiga. 1958 walipiga walimu na makarani. Unalinganisha vipi?

Bint Uluguru: "Walimu na makarani" ndiyo tusi siku hizi? Hao manamba, vibarua wa mkonge, barua zao za nyumbani nani alikuwa anawaandikia? Babu, bure, kila Jumapili.

Pweza Mkavu: Bure? Babu yangu alikuwa anapeleka kuku.

Bint Uluguru: Kwa mwalimu mwingine labda.

Mzee wa Kilosa: Wewe Pweza, Kimamba shamba gani? Marehemu baba alikuwa nyapara kule.

Pweza Mkavu: Kumbe! Mtoto wa nyapara ndiye anatufundisha kipande ni nini. Mzee, zile siku mlizokuwa mnakataa kuweka alama mtatulipa lini?