Tupeane uzoefu: uzazi wa kwanza, kuanzia uchungu hadi siku kumi za mwanzo

Wapendwa, uzi huu ni wa wanaokijua chumba cha kujifungulia na wodi ya wazazi kwa kazi zao. Mama wa uzazi wa kwanza huambiwa "utajua tu ikifika", na maneno hayo ndiyo yanayomchelewesha kufika panapotakiwa, au kumwahisha akarudishwa nyumbani mara tatu. Kwa hiyo tuwekeeni saa, vipimo, kiasi na sababu zake. Mwenye swali aulize katikati, si lazima asubiri mwisho.

Mkunga wa leba

Naanza na kuhesabu uchungu, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Hesabu tangu tumbo linapoanza kukaza hadi linapoanza kukaza tena. Ukihesabu mapumziko peke yake, utadhani uchungu uko karibu zaidi kuliko ulivyo. Mimba ikiwa imetimia na haina tatizo, kipimo kinachotumika sana kwa uzazi wa kwanza ni uchungu kuja kila baada ya dakika 5, kila mmoja ukidumu kama dakika moja, na hali hiyo ikaendelea saa nzima. Hapo ondoka. Kama kituo kiko mbali, ondoka mapema zaidi. Uchungu wa uongo huwa hauna mpangilio, na mara nyingi hutulia ukitembea kidogo, ukinywa maji au ukilala. Wa kweli unazidi kukaza hata ukigeuka vipi.

Ute mzito wenye michirizi ya damu si tangazo la kujifungua leo. Unaweza kutoka siku kadhaa kabla. Damu mbichi inayotiririka kama ya hedhi ni jambo jingine kabisa. Hiyo haina kusubiri, ukiwa na uchungu au bila uchungu.

Kabla mlango wa kizazi haujafunguka kufika sentimita 5, uchungu unaweza kujivuta muda mrefu, hata zaidi ya siku nzima, na mama akawa hana tatizo lolote. Kosa kubwa la hatua hii ni kujichosha. Mama anakesha, hali, anatembea usiku kucha, kisha saa ya kusukuma inamkuta hana nguvu. Kula vyepesi, kunywa, lala kati ya uchungu na uchungu. Kuanzia sentimita 5 kazi inashika kasi, na kwa uzazi wa kwanza hatua hii kwa kawaida haizidi saa 12. Ile kanuni ya sentimita moja kila saa isimtie mtu hofu: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba mwendo wa pole kuliko huo, peke yake, si sababu ya kumharakisha mama mwenye hali nzuri na mtoto mwenye mapigo mazuri.

Kojoa mara kwa mara, hata kama huhisi haja. Kibofu kilichojaa kinakaa njiani kwa mtoto, na baadaye kinauzuia mji wa mimba kujikaza.

Swali kutoka kwa mama kijacho

Na chupa ikipasuka kabla uchungu haujaanza?

Mkunga wa leba

Asante, dada. Angalia saa na uiandike. Vaa pedi safi, usiweke kitu chochote ukeni, usifanye tendo la ndoa, kisha nenda ukapimwe hata kama huna maumivu. Wengi huanza uchungu wenyewe ndani ya saa 24, lakini kadiri muda unavyosonga ndivyo vijidudu vinavyopata nafasi ya kupanda, ndiyo maana saa ya kupasuka inaulizwa kila unapopokelewa. Maji ya kawaida hayana rangi, au yana uwekundu kidogo sana. Yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto amejisaidia ndani. Nenda mara moja. Yakinuka, au ukipata homa, vivyo hivyo. Ukihisi kitu laini kama kamba kimetangulia ukeni, hicho ni kitovu cha mtoto. Usikirudishe ndani. Piga magoti, shusha kifua chini, inua makalio juu, na mtu mwingine aite gari sasa hivi. Mkao huo unapunguza uzito wa kichwa juu ya kitovu wakati msaada unakuja.

Sasa kusukuma. Hamu ya kusukuma inaweza kuja kabla njia haijafunguka sentimita 10. Ukisukuma mapema kwa nguvu, unachoka bure na mlango wa kizazi unaweza kuvimba. Lala ubavu, pumua kwa kuhema, subiri upimwe. Njia ikishafunguka yote, uzazi wa kwanza unaweza kuchukua hadi saa 3 za kusukuma, ingawa wengi humaliza kabla. Fuata msukumo wa mwili wako. Kubana pumzi muda mrefu kwa amri ya kelele hakuna faida iliyothibitika. Kulala chali si lazima kama huna ganzi ya mgongo. Ubavu, magoti na mikono chini, au kuchuchumaa vyote vinafaa.

Kichwa kinapochomoza na msamba kuwaka moto, acha kusukuma na uheme kwa pumzi fupi fupi. Dakika hizo chache ndizo zinazoamua utachanika kiasi gani. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kikikandamizwa msambani wakati huo hupunguza michaniko mikubwa, na mama ana haki ya kukiomba. Kuongezewa njia kwa mkasi si jambo la kila uzazi wa kwanza. Kunatakiwa kuwe na sababu.

Nesi wa wodi ya wazazi

Naendelea hapo hapo, maana watu hudhani mtoto akishatoka kazi imekwisha. Saa 24 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya damu, hasa zile saa 2 za kwanza.

Mara tu mtoto anapotoka, mama huchomwa sindano ya oksitosini, uniti 10, ili mji wa mimba ukaze. Kitovu hakikatwi upesi: husubiriwa angalau dakika moja, hadi tatu, ili damu iliyobaki kwenye kondo imfikie mtoto na kumwongezea madini ya chuma. Kondo la nyuma likizidi dakika 30 bila kutoka, linahitaji mtaalamu. Asitokee mtu wa kuvuta kitovu huku tumbo likiwa laini, kwa sababu mji wa mimba unaweza kupinduka nje. Likitoka hukaguliwa kipande kwa kipande. Kipande kilichobaki ndani ndicho kinacholeta damu na homa siku za mbele.

Mwekeni mama mkono wake mwenyewe chini ya kitovu cha tumbo na mumfundishe: anatakiwa kuhisi kitu kigumu, cha mviringo, usawa wa kitovu. Kikiwa laini kama unga uliolowa, mji haujakaza. Aite msaada, akojoe, na tumbo likandwe kwa mzunguko mpaka ligumu. Mkojo wa kwanza utoke ndani ya saa 6. Asiyeweza kukojoa asikae kimya kwa aibu; baada ya michaniko na ganzi kibofu husahau kazi yake.

Kipimo cha damu nyumbani ni pedi. Pedi kubwa iliyolowa yote ndani ya saa moja au chini ya hapo, au bonge kubwa kama yai la kuku, ni safari ya kurudi hospitali. Mwendo wa kawaida ni damu nyekundu siku 3 au 4, kisha ya waridi au kahawia hadi kama siku 10, kisha majimaji meupe yanayoweza kufika wiki 6. Ikigeuka kuwa nyekundu tena baada ya kazi nyingi, mwili umechoshwa. Pumzika, na isipopungua upimwe. Ikinuka vibaya ni maambukizi.

Unaposimama mara ya kwanza uwe na mtu wa kukushika. Wazazi wengi huzirai njiani kwenda chooni.

Mshauri wa kunyonyesha

Mimi nina maneno mengi hapa, mnivumilie.

Mtoto akilia na kupumua vizuri, afutwe akauke, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na wasisumbuliwe kwa saa moja. Kupima uzito kunaweza kusubiri. Ndani ya saa hiyo mtoto mwenyewe hutafuta titi. Maziwa ya mwanzo, dang'a, ni matone machache mazito ya njano, na ndivyo yanavyotakiwa: siku ya kwanza tumbo la mtoto hupokea mililita 5 hadi 7 tu kwa mara moja. Kijiko cha chai kimoja! Anayesema "maziwa hayajatoka, mpe maji" hajui kiasi hicho. Maji, sukari au maziwa mengine huyajaza matumbo, mtoto hanyonyi, na titi lisilonyonywa halitengenezi.

Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 4. Baada ya upasuaji au kutokwa na damu nyingi yanaweza kuchelewa kidogo. Nyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

Sasa namna ya kumshikisha titi. Kichwa na mwili wa mtoto vikae mstari mmoja, tumbo lake likikugusa wewe. Pua yake ielekee chuchu. Gusa mdomo wake wa juu kwa chuchu, subiri apanue kama anayepiga miayo, kisha umlete yeye kwenye titi kwa haraka. Usiinamishe titi kumfuata. Mgongo utakuuma na yeye ataishia kushika ncha tu. Akishika vizuri, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu kubwa ya weusi wa titi imeingia mdomoni, hasa upande wa chini. Utasikia akimeza. Maumivu ya sekunde chache mwanzoni ni kawaida, yanayoendelea hadi mwisho si kawaida. Chuchu ikitoka imebanwa kama ncha ya kalamu, alishika vibaya: ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo umwachishe, anza upya. Dawa ya kwanza ya chuchu zilizopasuka ni kushikisha upya, mafuta yanafuata.

Titi likijaa hadi ngozi inang'aa, mtoto hawezi kulishika. Kamua kidogo kwa mkono kuzunguka chuchu hadi kulainike, ndipo umpe. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha baridi. Sehemu moja nyekundu, ya moto, yenye homa inahitaji daktari, na kunyonya kunaendelea.

Nesi wa watoto wachanga

Swali la "anashiba?" linajibiwa na nepi. Siku ya kwanza mkojo angalau mara 1, ya pili mara 2, ya tatu mara 3, na kuanzia siku ya 6 mara 6 au zaidi. Kinyesi ni cheusi kama lami mwanzoni, kijani siku ya 3 hivi, njano kufikia siku ya 5. Siku ya 5 kikiwa bado cheusi, maziwa hayaingii. Uzito hushuka siku za mwanzo. Ukipita asilimia 10 lazima unyonyeshaji uchunguzwe. Unatakiwa uwe umerudi kama wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Joto lake liwe 36.5 hadi 37.5. Kuogeshwa kusubiri saa 24. Alale chali, bila mto. Kitovu kiachwe kikavu na safi, nepi ikunjwe chini yake. Huanguka kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Tone la damu ni kawaida. Wekundu unaosambaa tumboni, usaha au harufu mbaya si kawaida.

Umanjano: wengi huuita homa ya manjano, lakini hiyo ni maradhi mengine ya mbu. Wa kawaida huanza siku ya 2 au ya 3. Ukionekana ndani ya saa 24 za mwanzo, au ukifika viganjani na nyayoni, ni hatari, kwa sababu bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, ikizidi huharibu ubongo. Kumwanika juani si tiba ya umanjano wa namna hiyo.

Rudini hospitali bila kusubiri asubuhi akigoma kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika nzima, kifua kikiingia ndani, akiwa na degedege, akiwa wa moto au wa baridi, au akiwa mlegevu haamki.

Mhudumu wa wazazi nyumbani

Nyuzi za kushonea michaniko: osha kwa maji safi kila uendapo chooni, kutoka mbele kwenda nyuma, kausha kwa kugusa tu. Nyingi huyeyuka zenyewe. Choo cha kwanza huogopwa kuliko uchungu. Kunywa maji ya kutosha, kula mboga na matunda, na ushikilie pedi safi kwenye msamba unaposukuma. Nyuzi hazitakatika. Waliopasuliwa wasimame ndani ya saa 24 wakishikwa, kwa sababu kulala tu kunagandisha damu miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda.

Mama kulia bila sababu siku ya 3 hadi ya 5 ni kawaida na huisha ndani ya wiki 2. Kukizidi hapo, au mama akisikia sauti au kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe.

Mkunga wa leba

Mawili yamesahaulika. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hadi wiki 6, hata kwa aliyekuwa na presha nzuri. Kichwa kuuma sana, macho kuona nyota au ukungu, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia: presha ipimwe leo hii, na 140/90 kwenda juu si ya kurudi nayo nyumbani bila kuonwa na daktari.

La pili ni kundi la damu. Rh ni ile alama ya hasi au chanya inayofuata herufi ya kundi. Mama mwenye Rh hasi aliyezaa mtoto mwenye Rh chanya anachomwa sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, ndani ya saa 72. Inalinda mimba inayofuata, ndiyo maana husahaulika wakati wote wanamtazama huyu aliyezaliwa. Ulizia kundi la mtoto kabla hujaruhusiwa kutoka wodini.