Vilima vya tope vinaota uani kwangu kila usiku, ni mnyama gani huyu?

mama_tengeru:
Wakuu, habari za humu. Nimehamia Tengeru, Arusha, nikitokea Mbagala, kwa hiyo udongo huu mweusi bado nausoma. Tangu masika yakolee, kila nikiamka nakuta uani kuna vilima vipya vya tope. Vikubwa sana si vikubwa, kimoja kinajaza karai au kinapungua kidogo. Udongo wake ni mbichi, mweusi kuliko ule wa juu, umelala madongemadonge. Ajabu ni kwamba tundu silioni. Nimechokonoa kwa kijiti, tope tupu. Vimeanzia kwenye tuta la viazi vitamu na sasa vinaelekea migombani. Halafu shina langu moja la mchaichai limenyauka. Nilipolishika likang'oka lenyewe, chini halina mzizi hata mmoja. Jirani ananiambia nitafute mtu wa kuzindika nyumba. Mimi naomba kwanza nijue ni mdudu au mnyama.

wa_muleba:
Hao mchwa, dada. Huku kwetu mvua zikikaribia wanajenga vichuguu vidogo vya tope vyenye midomo, kumbikumbi watokee hapo. Weka taa na beseni la maji jioni, kesho unakaanga.

pwani_tupu:
Mimi niko Tanga, karibu na mikoko, kwetu tope uani ni kaa. Ila kaa anaacha tundu wazi, ngumi inaingia, na ukichimba sana unakuta maji. Tengeru na bahari wapi na wapi. Kaa mtoe kwenye orodha.

mzee_wa_kihamba:
Mama, kumbikumbi hao utawasubiri sana. Huyo ni fuko. Nimekulia kihambani Machame, na mchaichai uliokatwa mizizi chini kwa chini hauna mwizi mwingine.

Ukitaka kumjua mwenye kilima, achana na kilima, tafuta njia yake. Kichuguu cha mchwa ukikivunja kinabanduka vipande vigumu, kwa sababu udongo wameukanda kwa mate, na ndani utaona vijia vyembamba na mchwa wenyewe wakihangaika. Hicho chako ni kifusi tu cha mchimbaji. Tundu hulioni kwa kuwa akishatoa udongo analiziba kwa ndani. Hataki mwanga wala upepo uingie kwake.

Sasa fanya hivi. Chukua nondo nyembamba, ichomeke taratibu katikati ya vilima viwili vibichi. Ikifika kina cha shubiri hivi, wakati mwingine pungufu, itatumbukia ghafla. Hapo umeipata njia. Fukua kwa jembe mpaka uione: ni bomba la duara, kuta zake zimesuguliwa zikawa laini. Iache wazi uende na shughuli zako. Ukirudi ukakuta imezibwa kwa udongo mbichi uliosindiliwa, mwenye nyumba yumo. Ikibaki wazi, hiyo aliihama, jaribu kwingine.

Na usihesabu vilima ukadhani una jeshi zima. Fuko wa huku milimani anaishi peke yake, kila mmoja na shimo lake, na mmoja anaweza kukuchafulia ua mzima. Ukimwona ni kama panya aliyenenepa, mkia mfupi, vijicho vidogo, meno ya mbele ya rangi ya chungwa yametokeza nje hata mdomo ukiwa umefumbwa. Midomo inafumba nyuma ya meno hayo, ndiyo maana anachimba kwa meno na udongo haumwingii kinywani. Ana chumba kimoja cha kila kitu: nyasi za kulalia, akiba ya chakula, na choo humohumo. Uchafu ule ukivunda unatoa joto, na baridi ya mlimani mnaijua. Viazi vyako vingine viko huko tayari.

shamba_nyeri:
Mzee amesema yote. Hapa kwetu kuna vijana ambao kazi yao ni kunasa fuko tu, unawalipa kwa kila mmoja. Lakini simama hapo hapo umwone akitolewa. Wengine wanakuja na fuko wa shamba la jirani ndani ya gunia, halafu wanakuuzia kama wako.

mama_tengeru:
Shikamoo mzee. Njia nimeipata pembeni ya tuta, bomba kabisa kama ulivyosema. Nikaenda kuosha vyombo, narudi namkuta yuko kazini: udongo unatikisika, unasogea mbele kidogo, unatulia, unasogea tena, mpaka mwanga ukakatika. Yeye mwenyewe sikumwona hata unyoya. Duka la pembejeo wananiambia ninunue sumu ya panya nimimine humo. Nimimine?

mzee_wa_kihamba:
Marahaba mwanangu. Sumu acha. Akila akatoka juu amelegea, paka au bundi akamla, umeua wawili, na tuta hilo ni la viazi vya kula. Mtego wa kienyeji unatosha, tena unamnasa kwa tabia yake hiyohiyo ya kuziba.

Fungua njia tena. Kitanzi cha waya laini kinawekwa kikifuata ukuta wa bomba, kisifunge njia, kisha kinaungwa kwenye fito mbichi iliyokitwa ardhini na kupindwa juu yake. Fito inashikiliwa chini na kamba inayopita katikati ya njia. Fuko akija na shehena yake ya udongo anakuta kamba imemzuia, anaikata kwa meno, fito inafyatuka juu na kitanzi kinambana. Kamba iwe ya mgomba. Nailoni ngumu atahangaika nayo, mwisho anaziba kando na kukuachia mtego wako. Sisi tunapaka mikono udongo kabla ya kutega. Kama mkono wako haujazoea kutega fito, waombe vijana wanaolima migomba hapo Tengeru, wengi wameuona kwa baba zao.

Viazi vilivyokomaa vichimbe leo, usimwachie ghala. Na ukishampata, shimo tupu fuko mwingine huja kulirithi, kwa hiyo fito usiichome kuni.