Wakongwe wa IT, kipi mngependa kukijua mapema?

Mgeni_wa_Seva: Shikamooni wakubwa. Nina miezi mitatu kitengo cha IT, Dar. Nyie mliokaa miaka ishirini na ushee, nipeni siri.

FundiMkongwe: Marahaba kijana. Nilianza 1998, enzi za disketi za MB 1.44. Kila jioni nilikuwa nanakili data za mishahara kwenye tepu, naandika tarehe kwa kalamu ya maka, nafungia kabatini. Nilijiona mtaalamu kweli! Diski ya seva ilipokufa, tepu tatu ziligoma kusomeka, ya nne ilikuwa tupu. Sikuwahi kujaribu kurejesha hata faili moja. Tukaingiza mishahara upya kutoka kwenye karatasi, siku tano, na mhasibu hanisemeshi.

Mgeni_wa_Seva: Duh, pole mzee. Sisi tunahifadhi mtandaoni, kila usiku inajinakili yenyewe.

FundiMkongwe: Hata tepu zangu zilikuwa zinaandika "imekamilika". Kesho rudisha faili moja kwenye kompyuta nyingine, uifungue uisome.

Binti_Kodi: Na fundi umeme wa jengo msalimie kila siku. Jenereta ikigoma utamhitaji.

Mgeni_wa_Seva: Nimejaribu leo. Faili limefunguka, ila ni nakala ya zamani, ya Februari 😅