Mnaosema akili ni ubongo tu, nielezeeni huyu mnyoo

Wakuu salama? Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa, kuna mwalimu wa bailojia pale yeye msimamo wake kisicho na ubongo hakina akili, kwisha habari. Nikampa kisa kimoja akajibu "hizo ni kemikali tu", nikaona nikilete huku.

Kisa chenyewe ni cha planaria, mnyoo bapa, yule ukimkata kichwa anaotesha kingine. Mwaka 2013 Tal Shomrat na Michael Levin wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwazoesha hawa minyoo kula kwenye kisahani chenye sakafu ya kukwaruza na taa inawamulika, na hawa mwanga hawaupendi kabisa. Wakishazoea wakakatwa vichwa, yani ubongo wote nje. Kama wiki mbili hivi vichwa vipya vikaota, wakarudishwa palepale wakakumbushwa mara moja tu, basi wakawa wepesi kuliko wenzao ambao hawajawahi kufundishwa. Sasa kichwa kimeshatupwa, somo lilikuwa limekaa wapi? Mkiani?

Na hilo la kemikali tu, mwalimu, hata ubongo wako ni kemikali na umeme, mbona huko husemi "tu"?

Kuna na ule ute wa njano wa kwenye magogo yaliyooza, Physarum, seli moja tu ile, neva haina hata moja. Mwaka 2010 Wajapani waliuwekea punje za oti sehemu 36 kama miji inavyokaa kuzunguka Tokyo, ukasambaa ukapunguza njia zisizo na faida, ukabaki na mtandao unaofanana na reli waliyochora mainjinia. Jiji letu na foleni zake lingeuajiri tu.

Ila nisiwadanganye, kuna mahali upande wangu unayumba. Kifauwongo, kile kimea tulichokuwa tunakigusa utotoni kinajifunga, mtafiti Monica Gagliano mwaka 2014 alikiandika kwamba ukikiangusha angusha bila kukiumiza kinaacha kujifunga, na siku 28 baadae bado kinakumbuka. Wanasayansi wenzake wakamjia juu kwamba huenda kilichoka tu na vipimo vyake havikubana vizuri, na mi naona hapo wana hoja.

Lakini kinachonifanya nisinyamaze ni mguu wa chura. Mwaka 2022 hao hao kina Levin walichukua vyura waliokomaa, ambao kwa kawaida mguu ukikatika hauoti wa maana, wakawavalisha kifuniko chenye dawa 5 kwa masaa 24 tu wakakitoa. Miezi 18 nyama, mfupa na neva vikawa vinajijenga vyenyewe, mguu haukuwa kamili ila chura anaogelea nao. Hakuna aliyeziambia seli vidole vianzie wapi, na dawa ilishaondoka siku ya pili! Fikiria wagonjwa wa kisukari na madereva wa bodaboda wanaokatwa miguu kila siku, kama tishu inajua ramani ya mguu basi kazi ya daktari ni kuiamsha tu, na hautawaza hivyo kama unaiona kama udongo wa kufinyangia.

Mi kipimo changu ni kile cha mtoto: amefundishwa, amekumbuka, mambo yakibadilika akatafuta njia nyingine, tunasema ana akili. Upande wa mwalimu mstari mnauweka wapi na kwanini hapo?

NYONGEZA: Anayesema basi na friji ina akili maana inajiwasha ikipata joto, hapana mkuu, friji uliyoinunua miaka kumi iliyopita haijajifunza kitu mpaka leo.

NYONGEZA 2: Naona mmeanza na wale waliopandikizwa moyo wakaanza kupenda chakula alichopenda marehemu aliyetoa moyo. Hapo msiniingize. Hizo nyingi ni simulizi za wagonjwa wenyewe, si jaribio kama lile la minyoo. Anayebisha alete jaribio.