Nimehitimu uuguzi na leseni ninayo, lakini kila zamu naingia wodini natetemeka. Naombeni ushauri

Nesi Mpya (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Najua humu kuna wauguzi wa siku nyingi, naombeni mnisikilize kabla hamjanicheka.

Chuoni sikuwa mbumbumbu. Mitihani nilifaulu, mazoezi ya vitendo nilifanya, leseni nikapata. Sasa nipo wodi ya upasuaji, na tangu kipindi cha kufuatana na mwenzangu mzoefu kiishe nimekuwa mtu mwingine. Usiku wa kuamkia zamu silali vizuri. Njiani tumbo linavuruga. Nikiandaa dawa nasoma chati, nasoma kichupa, narudi kwenye chati, nikifika kitandani sikumbuki kama nilisoma, naanza upya. Wenzangu wanamaliza kugawa dawa, mimi bado niko katikati ya wodi.

Linaloniumiza zaidi ni kumpigia daktari simu. Naona kabisa mgonjwa hayuko sawa, ila nikiwaza nitakavyojibiwa najikuta nasema ngoja nimpime tena baada ya nusu saa. Na nikirudi nyumbani haiishi: dripu ya kitanda cha nne niliifunga? Mkojo niliuandika? Nimeshapiga simu wodini kuulizia mpaka naona haya.

Ndugu wa wagonjwa wananiita sista kwa heshima, mimi moyoni nasema laiti mngejua. Najiuliza kama kazi hii ni yangu kweli au nilifaulu kwa bahati tu. Hali hii huisha? Na nifanye nini kwa sasa? "Usijali, utazoea" nimeshaambiwa vya kutosha.

Jikaze Kisabuni

Pole, lakini ndiyo kazi hiyo. Sisi tulitupwa wodini peke yetu na hakuna aliyetubembeleza. Jikaze, mwakani utakuwa unawacheka wapya wengine.

Mkongwe wa Wodi

Mkuu hapo juu, kutupwa wodini peke yako si sifa, ni uzembe wa waliokutupa. Tusiurithishe.

Mdogo wangu, karibu kwenye kazi. Kwanza ondoa wazo kwamba ni wewe tu. Marlene Kramer, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, aliandika habari hizi mwaka 1974: muuguzi anatoka chuoni akijua kazi inavyopaswa kufanywa, anakuta wagonjwa wengi, mikono michache na simu inalia, anapigwa na bumbuwazi. Mwaka 1984 Patricia Benner akaigawa safari ya muuguzi katika ngazi tano, kutoka mgeni kabisa hadi bingwa. Ngazi ya tatu tu, ile ya kuipanga zamu yako mwenyewe bila kuchanganyikiwa, aliiweka kwa mtu aliyekaa kwenye kazi ya aina moja miaka miwili hadi mitatu. Na hata muuguzi hodari wa wodi ya wazazi, ukimhamishia kwa wagonjwa mahututi anarudi kuwa mgeni. Wewe unajipima na watu wa mwaka wa tatu, halafu unajiona umefeli.

Sasa kuna jambo hukulieleza: zamu moja una wagonjwa wangapi, na mzoefu yupo karibu? Nauliza kwa sababu huenda sehemu ya hicho unachokiita kutojiamini ni akili yako tu inasoma hali ilivyo. Mtu mpya akiachiwa wodi nzima usiku akaogopa, ameogopa kwa haki. Hapo tatizo ni upangaji wa zamu, na upangaji mbovu hautibiwi kwa kuvuta pumzi polepole. Zitenganishe hofu zako. "Sijawahi kushika mrija wa kifuani" inaisha ukionyeshwa mrija wa kifuani, ukaushika mwenyewe mbele ya anayeujua. "Niko peke yangu" inapelekwa kwa mkuu wa wodi.

Kanula ya Pinki

Kwenye dawa hukosei kwa kuhakiki sana. Unahakiki bila mpangilio, ndiyo maana akili haijui kama imemaliza. Chagua utaratibu mmoja usiubadilishe. Mimi nataja kwa sauti ya chini huku kidole kiko kwenye chati: mgonjwa huyu, dawa hii, dozi hii, njia hii, saa hii. Nafanya hivyo nikitoa kichupa kabatini, nikivuta dawa, na kitandani kabla sijaitoa. Mara tatu, basi. Na kitandani mwache mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Ukimuuliza "wewe ndiye fulani?", mgonjwa aliyechoka anaitikia jina lolote.

Insulini, heparini (ya kuzuia damu isigande), potasiamu ya mshipani na dawa za jamii ya mofini, mwite mwenzako ahesabu kivyake kabla hujamwambia jibu lako. Usiogope kuonekana muoga, hata wakongwe wanatakiwa wafanye hivyo (wasiofanya wapo, usiwaige).

Hesabu zinazojirudia ziandike kwenye kijidaftari cha mfukoni ukiwa umetulia. Mfano, dripu ya lita moja kwa saa 8, mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita: 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, ni kama matone 42 kwa dakika. Ukikutana nayo saa tisa usiku hukokotoi huku mikono inatetemeka. Majina ya wagonjwa yasiingie humo, kijidaftari kikidondoka itakuwa kesi nyingine.

Ukichelewa kumaliza, waache wakutazame.

Mama Zamu

Mimi nimesoma hadi "ngoja nimpime tena baada ya nusu saa" nikasimama. Mwanangu, anza na hilo leo, mengine yatangoja. Kusoma kichupa mara sita kunakuchosha wewe. Kunyamaza kunaweza kumgharimu mgonjwa.

Kinachokutisha kwenye simu ni kutojua uanzie wapi. Kabla hujapiga, uwe na vipimo vipya na faili mkononi, andika mambo manne kwenye karatasi: kinachotokea sasa, historia kwa ufupi, wewe unaonaje, unaomba nini. Mpangilio huu ulianzia kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, hospitali zikauchukua baadaye, kwa hiyo usidhani umetungwa kwa ajili ya wanagenzi. Unasikika hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, nakupigia kuhusu mgonjwa wa kitanda cha sita. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo jana. Jioni mapigo yalikuwa 84, sasa ni 122. Presha imeshuka kutoka 120 kwa 75 hadi 92 kwa 58, anapumua mara 26 kwa dakika, ngozi ina ubaridi. Nina wasiwasi anavuja damu ndani. Naomba uje kumwona sasa hivi. Wakati nakusubiri, nianze na nini?"

Akifoka, mwache afoke, wewe rudia ombi lako la mwisho kwa upole. Andika saa uliyopiga na ulichojibiwa. Asipokuja, mpigie aliye juu yake na umwambie mkuu wa zamu. Na kama huna hakika ila moyo unakataa, sema hivyo hivyo: "Siwezi kukitaja, lakini huyu mgonjwa amebadilika." Ni sababu halali ya kupiga simu.

Nesi wa Afya ya Akili

Niongezee la nyumbani. Akili inauliza kuhusu dripu kwa sababu uliondoka bila kufunga hesabu. Kabla hujakabidhi zamu, pita kitanda kwa kitanda: mgonjwa mwenyewe, kanula (kile kijirija cha mshipani), dripu, oksijeni, mrija wa mkojo, chati. Weka alama kwenye karatasi yako, kisha kabidhi ukiwa kitandani, si kaunta. Swali likija usiku, unalijibu kwa kumbukumbu: nilipita, niliona, nilikabidhi. Ukikumbuka kitu ambacho kweli hukukisema, piga simu wodini mara moja, ukiseme, ukate. Hiyo si aibu. Kupiga tena ili tu kusikia kwamba kila kitu kiko sawa ndiko kunakolisha wasiwasi, maana nafuu yake haidumu hata saa moja.

Hilo la "nilifaulu kwa bahati" linajulikana tangu 1978, Pauline Clance na Suzanne Imes walipoandika kuhusu wanawake wenye mafanikio makubwa waliojiona wanawadanganya watu. Si ugonjwa. Ila kuna mstari. Ukikosa usingizi hata siku za mapumziko, ukishtuka ghafla moyo unakwenda mbio na pumzi inakatika, ukilia kila kabla ya zamu, au hali ikiendelea wiki mbili na kuzidi, nenda ukaonwe na mtaalamu kama unavyowaambia wagonjwa wako waende. Ukianza kuona afadhali usiwepo, usisubiri wiki wala siku, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Na tafadhali sana, dayazepamu ya kabati la wodi si yako. Wenzetu wengi wameanzia na kidonge kimoja cha kulalia.

Nesi Mpya

Asanteni sana, nimenakili karibu kila kitu. Mkongwe, kujibu swali lako: usiku tuko wawili, mimi na mhudumu wa afya, mzoefu yuko wodi ya jirani na ana wagonjwa wake. Sikuwahi kufikiria kwamba hilo lina uhusiano, nilijua ni udhaifu wangu. Sasa nimwambieje mkuu wa wodi bila kuonekana siiwezi kazi?

Mkongwe wa Wodi

Usiende na "naogopa" peke yake, nenda na orodha. Mwombe dakika kumi mchana, si wakati wa kukabidhi zamu, umwambie: "Mkuu, haya nayafanya bila msaada: kugawa dawa, vidonda, kuandaa mgonjwa wa upasuaji. Haya matatu bado sijasimamiwa hata mara moja: mrija wa kifuani, kuongezea damu, na mgonjwa anayebadilika ghafla. Naomba zamu chache za usiku nipangwe na mzoefu, na nijue usiku nimpigie nani kwanza." Wakuu wengi wataielewa lugha hiyo, kwa sababu umewapa kitu cha kupanga.

Akisema watu hawatoshi, na huenda ni kweli, omba walau mzoefu wa jirani apitie wagonjwa wako mahututi pamoja nawe mwanzoni mwa zamu na tena usiku wa manane. Akikataa na hilo, liandike kwa barua fupi yenye tarehe, ubaki na nakala. Halafu rudi hapa utuambie alivyojibu.