Baba mkubwa apasuliwe mshipa wa shingo akiwa macho? Naomba ushauri

Mwana wa Chumbageni

Assalamu alaykum, ndugu wanajamvi. Siku tisa zilizopita baba yangu mkubwa, mwenye miaka 68, alikuwa akinywa kahawa barazani hapa Tanga, kikombe kikamponyoka mkono wa kulia na maneno yakakataa kutoka. Baada ya dakika kumi hivi alirejea hali yake, nasi tukadhani ni uchovu. Daktari alisema hilo lilikuwa onyo la kiharusi, na ultrasaundi ikaonyesha kuwa mshipa wa shingo wa kushoto, unaopeleka damu kwenye ubongo, umeziba kwa zaidi ya asilimia 70. Tumeelekezwa Dar es Salaam ili ufunguliwe na kusafishwa. Kinachotutatiza ni kuambiwa kwamba huenda akapasuliwa kwa ganzi tu, akiwa macho, ili hali ya ubongo wake ifuatiliwe. Shangazi zangu wamekataa katakata. Tena mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kamba za mkonge, na masikio yake ni mazito.

Muuguzi Mstaafu

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nilihudumu chumba cha upasuaji, upande wa usingizi. Ili mshipa usafishwe ni lazima ubanwe kwanza, na muda wote huo upande ule wa ubongo hutegemea damu ya mishipa mingine inayokutana kama pete chini ya ubongo. Tatizo ni kwamba kwa baadhi ya watu pete hiyo haikukamilika tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mara tu mshipa unapobanwa daktari anataka kujua kama damu inatosha, na isipotosha huingiza mrija wa muda wa kuipitisha. Mgonjwa aliye macho ndiye kipimo chenyewe: huambiwa ahesabu, na kwa baba yako ataambiwa akaze mkono wa kulia, kwa kuwa ubongo wa kushoto ndio unaouendesha. Akilazwa usingizi hutumika nyaya za kichwani zinazosoma umeme wa ubongo, au mawimbi ya sauti yanayopitishwa kwenye panja, kati ya jicho na sikio, kupima mwendo wa damu. Vyote vinafaa, ila dawa za usingizi nazo hubadilisha umeme huo, na mfupa wa hapo kwenye panja kwa wazee wengine ni mnene, sauti haipenyi.

Mama Swabra

Mkwe wangu alifanyiwa akiwa macho. Alishikishwa bata wa plastiki anayelia akiminywa, hivyo uziwi si kikwazo kikubwa, mradi mkubaliane ishara mapema. Alilalamikia kitambaa kilichomfunika uso kuliko kisu.

Msomaji wa Pangani

Shangazi wasilaumiwe, lakini utafiti wa GALA uliotolewa mwaka 2008, uliolinganisha usingizi na ganzi katika upasuaji huu kwa wagonjwa 3,526, ulikuta kwamba waliopata kiharusi, shambulio la moyo au kifo walikuwa asilimia 4.8 kwa usingizi na 4.5 kwa ganzi, yaani hakuna tofauti ya maana. Mimi ningeuliza zaidi timu hiyo imezoea njia ipi. Fahamu pia kwamba viharusi vingi vya upasuaji huu huletwa na vipande vya mafuta au damu iliyoganda vinavyosafiri hadi ubongoni, na hivyo kipimo hakivizuii, kinaviona tu. Kubwa kuliko yote ni muda: faida ya upasuaji huwa kubwa ukifanyika ndani ya wiki mbili tangu dalili, nanyi mmeshatumia siku tisa.

Mwana wa Chumbageni

Shukrani sana. Mama muuguzi, mzee hukohoa akilala chali; je, ganzi itawezekana?

Muuguzi Mstaafu

Hilo ndilo la kumwambia daktari kabla ya uziwi. Asiyeweza kulala chali kwa utulivu saa moja au mbili, huku shingo ikiwa wazi, mara nyingi ni afadhali apewe usingizi. Na asiache aspirini bila kuambiwa.

Mwana wa Chumbageni

Nimewasomea shangazi zangu, wamelegea. Tunaondoka na basi la alfajiri kesho. Baba mkubwa anauliza kama bata atapewa huko au aende na wake.