Taa ya ABS haizimiki na skana inasema hakuna hitilafu, nianzie wapi?

GiaTano: Wakuu, naombeni ushauri. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu) inawaka tangu beringi ya mbele kulia ibadilishwe. Breki zinashika kawaida, taa nyekundu ya breki haijawaka. Kiskana kidogo cha Bluetooth kinajibu hakuna hitilafu. Nikichomoa betri itazima? Na kuna njia ya kusoma bila skana kubwa?

Spana14: Betri iache mkuu. Kwenye magari mengi kumbukumbu ya ABS haifutiki kwa kukata umeme, utapoteza saa na stesheni za redio tu. Hicho kiskana kinaongea na injini peke yake, yaani misimbo ya hitilafu inayoanza na P. Ya ABS huanza na C, na inataka skana yenye menyu ya ABS. Ukiipata, andika misimbo yote kabla hujagusa kitufe cha kufuta. Kwa Toyota, C0200 ni sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kulia na C0205 ya mbele kushoto. Gari la kampuni nyingine lina jedwali lake, usiazime.

Fyuzi10: Bila skana, Toyota nyingi za zamani zenye soketi ya matundu 16 (ile ya kuchomekea skana) zinasomeka kwa kipande cha waya. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kilichohifadhiwa. Ikipepesa mara tatu, ikatulia sekunde moja na nusu, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31: sensa ya mbele kulia.

Kufuta, waya ukiwa bado pale pale, kanyaga breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Wengi hukwama hapa kwa sababu hawaachii pedali ikarudi juu kabisa. Na hesabu matundu mara mbili! La 16 lina umeme wa betri moja kwa moja. Ukilifunga na la 4, fyuzi imekwenda.

BeringiKavu: Kufuta siyo kutengeneza. Mimi ningeishuku hiyo beringi kwanza. Nyingi za kisasa zina pete ya sumaku kwenye sili ya upande mmoja, na upande huo lazima utazame sensa. Ikishindiliwa kinyume, tairi linazunguka vizuri ila sensa haioni kitu. Kabla ya kushindilia, gusisha pini nyembamba ya chuma: upande wenye sumaku unaivuta kidogo.

Kuhakikisha bila kufungua chochote, weka skana kwenye kasi ya magurudumu, nenda km 30 kwa saa kwenye mstari mnyoofu, mwenzako akisoma. Matatu yakionyesha 30 na moja 0, umelipata. Lile linalodondoka kwenye 0 mapema kuliko mengine ukikaribia kusimama, tafuta kutu chini ya sensa, au pete ya meno (ile ambayo sensa huisoma) iliyopasuka.

GiaTano: Sensa yenyewe naweza kuipima kwa omu?

Fyuzi10: Inategemea aina. Ya zamani, ya koili, mara nyingi husoma kati ya omu 1,000 na 2,000, na ukizungusha tairi kwa mkono mita ikiwa kwenye volti za AC utaona namba inapanda. Ya kisasa ina saketi ndani, omu hazikuambii kitu. Pima kama umeme unafika kwenye plagi yake. Kagua pia waya pale unapojikunja karibu na shokamzoba, ganda linaweza kuwa zima na shaba ndani imekatika.

Spana14: Nyongeza: baada ya kutengeneza na kufuta, taa inaweza kubaki inawaka mpaka gari lipite kama km 20 kwa saa, kompyuta inasubiri kuona magurudumu yote manne. Usirudi kufuta tena kabla hujaliendesha. Ila taa nyekundu ikiungana na ya ABS, simama, tazama kwanza kiwango cha mafuta ya breki.